Mbuzi wa Arusi ya Mwatum

Klementi hakuwa mtu wa uongo mwingi. Alisema mmoja tu, tena mdogo, wa neno moja, kisha akaulea miaka na miaka mpaka ukawa mkubwa kuliko yeye mwenyewe.

Neno lenyewe alilisema mwaka wa Mapinduzi, siku za mwanzo za Ramadhani, ambayo mwaka ule iliingia mji ukiwa bado haujatulia. Tajiri wake, mwenye duka la taa, alikuwa ameshapanda meli na ahali zake wote. Klementi alibaki na kisanduku cha bisibisi na tambi za karabai, hana kazi wala pa kulala. Mtu akamwelekeza Mchangani kwa Bi Kidawa, mjane aliyekuwa na chumba kitupu cha uani. Alifika magharibi inakaribia, hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, kwa sababu moja tu, hakuwa na cha kutia. Bi Kidawa akaitazama midomo yake ilivyokauka, akaingia ndani, akatoka na bakuli la uji wa pilipili manga na kisahani cha tende.

"Umefunga, mwanangu?"

"Nimefunga."

Basi. Ndilo hilo. Wapo watakaomtetea waseme nyakati zile zilikuwa za hatari. Zilikuwa za hatari, nani asiyejua, lakini si kwa mtu kama yeye na wala si kwa jambo hilo. Hakuna aliyemuuliza dini kwa bunduki. Laiti angeulizwa kwa bunduki, angalau angekuwa na la kujitetea. Aliulizwa na bibi mpole mwenye bakuli la uji, na akaogopa uji usije ukarudishwa ndani.

Kesho yake akaletewa daku. Baada ya daku ungemtaka aseme nini? Akafunga mwezi mzima kwelikweli, maskini, na Idi akapewa kofia. Watu walimwita Fundi, na hilo likamfaa sana, maana hakuna aliyetaka jina zaidi ya hilo. Alifungua kibanda chake kwenye baraza ya nyumba ya Bi Kidawa, akatengeneza karabai na majiko ya mafuta ya mtaa mzima. Hakuwa na makuu wala maneno mengi. Taa ya maskini aliitengeneza bure. Mtaa ukampenda, na kila walivyozidi kumpenda ndivyo lile neno lilivyozidi kuwa zito kulitoa.

Ijumaa alivaa kanzu safi akafunga kibanda. Watu wa Mchangani walijua kuwa Fundi husali Malindi, na wa Malindi, kama wangeulizwa, wangedhani husali Mchangani. Ukweli ni kwamba alikuwa akenda kukaa nyuma ya maghala ya bandarini, peke yake, akiitazama saa yake mpaka khutba imalizike huko misikitini, kisha akarudi na uso wa mtu aliyetoka ibadani. Uso ule alikuwa akiuandaa njiani. Kila Ijumaa, akikaribia mtaani, alijionea haya mpaka masikio yakamwaka moto, na kila Ijumaa iliyofuata alikwenda tena.

Na Jumapili je? Mwanzo alikuwa akijipenyeza kwenye misa ya alfajiri kanisani Mkunazini, akakaa nyuma ya nguzo, akatoka kabla ya baraka. Halafu akawa anakwenda Krismasi na Pasaka tu. Halafu akawa anaisikia kengele akiwa kibandani, analipiga pampu jiko la mtu kwa nguvu ili lilie kuliko kengele.

Lililomuuma zaidi kuliko yote lilikuwa ni Bi Perpetua.

Bi Perpetua alikaa nyumba ya pili kutoka kwa Bi Kidawa, akikaanga vitumbua mlangoni. Alikuwa mama yake wa ubatizo; ndiye aliyempakata siku alipotiwa maji, na ndiye aliyemfundisha sala ya Baba Yetu wazazi wake walipokufa. Shingoni alining'iniza kijisalaba cheusi kwa uzi, na hakukificha chini ya kanga wala hakukitoa makusudi kionekane. Kilikuwa kimekaa tu, kama pua yake. Ramadhani alipika vitumbua vya futari vya mtaa, na akiulizwa hujibu, "Mimi sikufunga mwanangu, msinipe thawabu zisizo zangu. Lakini onja sukari uniambie magharibi." Watu wakicheka. Idi alipelekewa sahani, na Pasaka yeye akapeleka sahani nyumba kwa nyumba, na zikarudi tupu.

Jumapili ya kwanza ya Klementi pale Mchangani, bibi huyu alisimama mbele ya baraza, gauni lake jeupe limepigwa pasi, akauliza kwa furaha, "Klementi! Kumbe uko hapa? Huji?"

Klementi akatazama kulia, akatazama kushoto. Wanaume wawili walikuwa wameketi karibu wakizungumza. Akasema, "Bi mkubwa, taa yako haijawa tayari."

Bi Perpetua hakuwa na taa yoyote kwake. Akamtazama kitambo, akafahamu, akasema, "Haya, Fundi," akaenda zake. Tangu siku hiyo alimwita Fundi kama wenzake, na sahani yake ya Pasaka iliukiuka mlango wa chumba cha uani, kila mwaka.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka mwaka sabini na moja, Mzee Silima alipomuoza binti yake Mwatum kwa kijana wa Mtoni aitwaye Borafya.

Siku hizo chakula kilikuwa kwa foleni. Mchele wa karamu Silima aliukusanya kidogo kidogo kwa muda mrefu, na mbuzi watatu aliwaomba kwa jamaa zake wa shamba, mmoja huku mmoja kule. Mtaa mzima ulijua mbuzi wale walivyopatikana. Watu walikuwa hawajala nyama ya kushiba tangu hawakumbuki lini, na asubuhi ya arusi kila aliyepita uani kwa Silima alichungulia kuwatazama, kama wageni wa heshima waliotoka mbali.

Mchinjaji wa mtaa alikuwa Maalim Usi, mwalimu wa chuo cha Kurani. Lakini alfajiri ile aliitwa mazikoni Bububu, na jua lilipoanza kupanda hakuwa amerudi. Mpishi, mtu mmoja mwenye haraka aitwaye Hasan, akanoa kisu mwenyewe.

"Lete kisu hicho," Silima akamwambia. "Arusi ya mwanangu haichinjiwi na mtu anayegombana na sufuria. Mimi nataka mkono wa mtu safi." Akageuka akiwatazama wanaume waliokuwapo, na macho yake yakatua kwenye pembe ya ua, ambako Klementi alikuwa amechutama akifunga tambi mpya kwenye karabai za usiku. "Fundi! Njoo wewe. Mtu hana fitina, hana deni la mtu, hajasemwa na yeyote hapa mtaani. Chinja wewe, tupate baraka."

Wanaume wakaitikia, "Kweli, kweli. Fundi achinje."

Tusiseme kwamba hakuwa na nafasi. Nafasi alikuwa nayo pana kama uwanja. Angeweza kusema mkono unamuuma. Angeweza kusema hapendi damu, wakamcheka, yakaisha. Na angeweza pia kusema kweli, hapo hapo, mbuzi wakiwa bado wanatafuna majani, na lisingeharibika lolote ila uso wake. Lakini alisikia lile neno, mtu safi, mbele ya wanaume wote wale, na likamwingia tamu. Hilo ndilo alilokuja kujichukia kwalo baadaye kuliko kisu chenyewe. Lilimwingia tamu.

Akakishika kisu. Wakamgeuzia mbuzi kibla. Maneno aliyajua, nani anayeishi Unguja asiyajue? Akayatamka vizuri, herufi mahali pake, na akachinja wa kwanza, na wa pili. Aliponyanyua kichwa kungoja wa tatu, akamwona Bi Perpetua. Alikuwa ameketi na wanawake kwenye mkeka, ungo wa mchele mapajani, na mkono wake umesita katikati ya kuchagua mawe. Hakukunja uso. Alikuwa akimtazama tu kama mtu anayemtazama mwanawe akianguka mbali, asiweze kufika.

Klementi akachinja na wa tatu.

Alipokuwa akinawa mikono karibu na pipa, Bi Perpetua akaja na ungo wake, akasimama karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sikusemi. Hilo si langu. Lakini nnakwenda zangu nyumbani, maana nikikaa nitawatazama wenzangu wakila na mimi najua."

"Bi Perpetua..."

"Vitumbua vyangu viko ndani, nimewaletea tokea asubuhi. Kwaheri, Klementi."

Miaka yote ile hakuwa amelisikia jina lake. Lilimchoma kama mafuta ya taa yaliyoshika moto mkononi.

Nyama ikachunwa, ikakatwa, ikatiwa sufuriani na tangawizi na ndimu. Harufu ikatoka uani ikaingia njiani, na watu wapitao wakapunguza mwendo. Adhuhuri wanaume wakenda msikitini kufunga nikahi; Klementi akasingizia karabai. Akabaki peke yake na wapishi, akisugua kioo kilichokwisha kuwa safi. Alijaribu kujiambia kwamba nyama ni nyama, na Mungu ni mmoja, na maneno aliyatamka sawasawa. Alijiambia pia kwamba watu wana njaa. Yote hayo yalikuwa na ladha ya kweli, na hakuna hata moja lililomtuliza, kwa sababu alijua vizuri kwamba wale watu wasingekula kama wangejua, na yeye ndiye aliyewanyima kujua.

Wanaume wakarudi kwa vigelegele. Masinia ya wali wa nazi yakapangwa juu ya mikeka, mabakuli ya mchuzi wa mbuzi katikati, wakwe kutoka Mtoni wakaketishwa mbele. Maji ya kunawa yakapitishwa. Bi Kidawa, kwa kuwa alikuwa mzee na miguu imemvimba, aliwekewa kigoda kwenye mlango wa ndani, na sahani yake akapewa mapema. Akamwona Klementi amesimama kando, akampungia mkono.

"Fundi, njoo baba. Nshakuwekea paja. Nimewaambia hili la Fundi wangu, asiliguse mtu. Njoo tule pamoja."

Na akaupeleka mkono kwenye sahani.

"Usile, Bi Kidawa."

"Kwa nini? Imechacha?"

Klementi akageukia mikeka. Sauti ilimtoka nyembamba, ya kitoto. "Jamani, msile. Nyama msile."

Mkwe mmoja alikuwa ameshatia tonge mdomoni, akalitema kiganjani. "Sumu?" Watu wakaanza kuinuka. Mwanamke mmoja akapiga kelele ndani.

"Si sumu. Nyama ni nzima. Ni kwamba nimechinja mimi."

"Tunajua umechinja wewe!" Hasan mpishi akafoka, mwiko mkononi. "Sote tumekuona!"

"Mimi Mkristo."

Mtu akacheka. Mwingine akasema jua limempiga Fundi, mpeni maji. Klementi akavua kofia, hakujua kwa nini, akaikunjakunja mikononi. "Naitwa Klementi. Nimebatizwa hapo Mkunazini, mtoto mchanga. Bi Perpetua ndiye mama yangu wa ubatizo. Sijapata kusali Malindi. Siku hizi sisali popote."

Hapo hakucheka mtu. Ulisikika mchuzi ukitokota katika sufuria iliyobaki jikoni. Silima alisogea mpaka wakakaribia kugusana vifua.

"Mbele ya wakwe zangu," alisema. "Umenivua nguo mbele ya wakwe zangu. Mimi nilikwita mtu safi."

Klementi akainamisha kichwa.

Katika hali hiyo ndipo Maalim Usi alipoingia, vumbi la Bububu bado liko miguuni. Akaelezwa na watu kumi kwa mpigo. Mzee mmoja wa Mtoni, aliyekuwa na njaa yake, akauliza kwa matumaini, "Maalim, kwani si imeandikwa kuwa chakula cha watu wa Kitabu ni halali yetu?"

Maalim Usi alikuwa mtu wa upole, na alijibu kwa upole, na labda ndiyo maana jibu lake lilikata.

"Imeandikwa. Na wapo wanavyuoni ambao wangekwambia kula. Wangechinjwa mbuzi hawa na Mkristo anayejulikana, tungekaa tukazungumza. Lakini huyu miaka yote hii amekuwa hapa na kofia yetu, na huko kwao hawamwoni." Akamtazama Klementi, bila hasira. "Mimi simjui huyu ni wa Kitabu gani."

Klementi alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa makofi. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Alihisi ardhi ya ua ule inamkataa, na kila jicho lililomwangalia lilikuwa na haki.

Mabakuli ya mchuzi yakaondolewa. Wakwe wakala wali mtupu wa nazi na achari ya ndimu, na wali ulipopungua wanawake wakatoa vitumbua vya Bi Perpetua. Viliisha vyote. Hakuna aliyeuliza vimekaangwa na nani, maana kila mtu alijua.

Silima akaleta mkokoteni wake wa kazi, wakapakia sufuria. "Chukua nyama yako," alisema, akampa mgongo.

Basi Klementi akasukuma mkokoteni kichwa wazi, jua kali, kupita Darajani ambako kila mtu alikuwa na taa aliyomtengenezea. Harufu ilitangulia mbele yake. "Fundi! Karamu hiyo unaipeleka wapi?" muuza samaki mmoja akamwita.

Angeweza hata hapo kusema jambo jingine. "Kanisani," alijibu.

"Kanisani? Kumetokea nini?"

"Hakukutokea kitu. Mimi ni Mkristo. Naipeleka kwetu."

Aliulizwa tena na tena njiani, na kila mara alijibu, na kila mara lilitoka kwa taabu ile ile. Msidhani alijisikia shujaa. Shujaa ni yule anayesema kabla nyama haijaiva.

Kwenye ua wa kanisa padri akawagawia wazee na wagonjwa waliokuwa wakitunzwa pale, wakala kwa furaha, wakamwombea mtoaji. Bi Perpetua, aliyefuata baada ya kupata habari, ndiye aliyepakua. Klementi hakula. Alikaa kwenye kizingiti.

"Kila Pasaka nilikuwa na sahani yako," Bi Perpetua alimwambia, akiifuta mikono kwa kanga. "Nikifika mlangoni kwako naipitisha. Nilijua hutaki ionekane. Nikawa naila mwenyewe, na mimi sipendi kula peke yangu."

Klementi akafunika uso kwa ile kofia akalia, na yule bibi akamwacha alie.

Jioni alirudi kufungasha vitu vyake, akijua atafukuzwa. Bi Kidawa alikuwa ameketi kizani, hajawasha taa.

"Nakwenda, Bi Kidawa. Nisamehe."

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Nilikula futari yako miaka saba."

Bibi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa kweli, "Mimi ningekupa tu. Ungeniambia hukufunga, ungeniambia wewe nani, mimi ningekupa vile vile. Ulinionaje mimi, mwanangu?"

Hilo ndilo lililobaki naye. Maneno ya Silima yalikuwa ya haki, na ya Maalim pia, lakini lile la Bi Kidawa lilimrudia akiwa anasafisha taa na akiwa anasali. Maana yeye muda wote alidhani amejidhulumu mwenyewe tu; kumbe alikuwa amemdhania bibi yule vibaya, kila siku, kila bakuli.

Hakufukuzwa. Alibaki, na kubaki kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Wengine walipeleka taa zao kwingine. Watoto walimwimbia nyimbo za kumdhihaki. Jumapili alitoka na Bi Perpetua, wakapita njia kubwa, yeye akimbebea kitabu cha nyimbo, na mbele ya wanywa kahawa alitoa salamu. Mwanzo waliitikia wachache. Kila alipopita mlango wa Silima aliinamisha kichwa, na Silima akapata jambo la kutazama upande mwingine.

Mwaka uliofuata Mwatum akajifungua mtoto wa kike, akapewa jina la bibi yake, Mwanapili. Asubuhi ya akika, ya kumchinjia mtoto, Klementi alikuwa kibandani aliposikia mtu anakohoa. Alikuwa Silima, amesimama njiani, hakupanda barazani.

"Klementi."

"Naam, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Maalim atachinja." Akatazama viatu vyake. "Mimi mgongo unaniuma. Njoo unishikie miguu ya mbuzi."

Klementi akamfuata. Ua ulikuwa ule ule, na pipa lile lile. Akapiga magoti, akaishika miguu ya mbuzi kwa mikono miwili, na Maalim Usi akasogea na kisu. Wageni wa Mtoni walikuwapo, na mmoja wao, ambaye hakuwapo siku ya arusi, akamwona mtu mgeni kwake, kichwa wazi, akauliza, "Na huyu ni nani?"

Hakuna aliyejibu. Silima akamgeukia Klementi, Maalim akakizuia kisu, Bi Kidawa akatega sikio kutoka kwenye kigoda chake. Walikuwa wakimngoja mwenyewe.

Klementi hakuweza kuinua macho. Aibu ilikuwa haijamwacha, na siku ile alianza kushuku kwamba huenda isimwache kabisa.

"Klementi," alisema. "Mkristo wa Mkunazini. Mimi nashika miguu tu."

"Shika vizuri basi," Maalim Usi akasema, akainama.